Saundi kadi ya kuchomeka kwenye redio ya sebuleni: geuza uone nyuma, halafu tuongelee mvumo

Kila nikifungua meseji ni swali lile lile, "dada nimenunua saundi kadi nimeunganisha laptopu na redio kubwa ya sebuleni, mbona inavuma mmmmmm hata muziki ukiwa umesimama?" Wa Tabata anauliza, wa Mwanza anauliza, juzi kaniandikia mmoja yuko Nairobi kanunua yake mtaa wa Luthuli, stori haina tofauti. Saundi kadi ninayoisema hapa ni kile kijisanduku cha USB kinachotoa muziki kwenye kompyuta na kuupeleka kwenye redio. Na wote hao dukani waliuliza maswali ya studio, inachukua maiki ngapi, inafika kilohezi 96 au 192, gitaa linaingia? Jamani wewe unataka kusikiliza nyimbo zako za kwenye laptopu kupitia ile amplifaya na maspika makubwa aliyoacha mzee, maiki ya nini?

Kwa hiyo leo sigusi maiki wala kilohezi. CD yenyewe ni biti 16 na kilohezi 44.1, na saundi kadi yoyote ya siku hizi inamudu hiyo bila jasho. Kinachowaharibia sauti ni mvumo, na mvumo hakuna kampuni inauandika kwenye boksi.

Unatoka wapi? Chaja ya laptopu yenye pini tatu inaenda kwenye ethi ya ukutani, ule waya wa usalama unaoshuka ardhini. Amplifaya nayo ina njia yake ya kwenda ethi, na kama haina basi imeunganishwa na king'amuzi, king'amuzi kina waya wa dishi, dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ardhini. Sasa wewe unakuja kuunganisha pande hizo mbili kwa waya wa USB na waya wa RCA, ule wa vichwa vyekundu na vyeupe, umeshafunga duara. Humo ndani kunazunguka kiumeme kidogo, na kinapita kwenye ule ule waya wa nje wa RCA unaobeba muziki, amplifaya haiwezi kujua kipi ni wimbo na kipi ni umeme, inakuza vyote. Umeme wetu ni wa 50 Hz ndo maana unasikia mvumo mzito wa 50 na mwenzake wa 100. Kuna na kelele ya pili, nyembamba kama mbu sikioni, inabadilika ukisogeza mausi au ukifungua ukurasa, hiyo ni kelele ya kompyuta yenyewe na mara nyingi inapita njia hiyo hiyo.

Kabla hujarudisha kadi dukani jaribu hivi. Weka wimbo unaoanza kimya, mimi natumia taarab ya zamani pale kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inapodonolewa peke yake kabla fidla hazijaingia, mvumo hauna pa kujificha hapo. Chomoa chaja, laptopu ibaki na betri. Kelele ikikata papo hapo kadi yako ni nzima, tatizo ni duara. Isipokata, rudisha chaja kisha chomoa waya zote za king'amuzi nyuma ya amplifaya, usikilize tena. Na naomba nisikike vizuri: fundi akikwambia "nikukatie tu hiyo pini ya ethi" mwambie asante aende zake. Mvumo utapungua kweli, ila pini hiyo ndo inakukinga na shoti siku chaja ikiharibika.

Dawa ni kitransfoma kidogo cha RCA, kinakaa katikati ya kadi na amplifaya, muziki unavuka kwa sumaku bila waya kugusana. Usisumbuke kwenye maduka ya kompyuta, nenda kwa wauza redio za magari, wao wanavyo maana gari nayo ina kelele zake za oltaneta. Vya bei chee sana vinakula besi ya chini kidogo hasa ukivisukuma kwa sauti kubwa, kwa hiyo volyumu ya kadi iwe ya wastani, nguvu iongeze kwenye amplifaya.

Haya, kadi zenyewe.

Ya kwanza MOTU M2, na siwafichi naipendelea, atakayenuna anune. Igeuze. Nyuma kuna matundu mawili ya jeki kubwa, kama ya gitaa, na pembeni yake RCA mbili, nyekundu na nyeupe, zote zinatoa sauti ile ile. Waya wako wa kawaida wa redio unaingia moja kwa moja au unapitia kwenye kitransfoma, hakuna adapta, hakuna kubahatisha. Kelele yake yenyewe ni ndogo mno, ukichomoa chaja ukaongeza volyumu bila wimbo unasikia feni ya laptopu kuliko unavyosikia spika. Ina na swichi ya kuzimia huko nyuma na kioo mbele kinachoonyesha sauti inapanda na kushuka, watoto watakipenda. Ubaya wake ni bei, Marekani kwenyewe inacheza kwenye dola 200, na haina tundu la optiko, lile linalopeleka sauti kwa mwanga.

Ya pili Behringer UMC204HD. Nayo ina RCA nyuma, inakula umeme wa USB tu, sauti safi kwa hela yake. Sasa hapa fungua macho: kuna UMC202HD, ndugu yake, sura karibu moja, HAINA RCA. Tarakimu moja tu hiyo. Umeomba 204, unafungiwa 202, ukifika nyumbani unaanza kutafuta matundu.

Ya tatu Focusrite Scarlett, Solo au 2i2. Kadi nzuri, nusu ya studio za chumbani zinayo, lakini zinazouzwa sasa zinatoa jeki kubwa peke yake. Solo za toleo la kwanza na la pili zilikuwa na RCA, ukikutana nayo ya mtumba geuza uone. Na ukiwa na hizi za jeki, waya ndo utakaokuponza. Muuzaji atakupa waya wa Y, jeki moja kubwa ya mistari miwili upande huu, RCA mbili upande ule, atakwambia "hii ndo yenyewe". Siyo. Tundu moja la hiyo kadi ni sauti ya upande mmoja tu, na ndani ya jeki kuna sauti hiyo hiyo mara mbili, moja imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ukiipeleka kushoto na kulia spika zinapingana, besi inayeyuka, mwimbaji anasikika yuko kila mahali na hayupo popote. Unachotaka ni waya mbili mbalimbali, kila mmoja una jeki ya mstari mmoja mweusi upande huu na RCA upande huu mwingine. Halafu anza na volyumu chini, matundu haya yametengenezwa kwa mitambo ya studio, yanasukuma kuliko redio ilivyozoea.

Za bei rahisi: Behringer UM2 ina RCA, inatosha. UCA222, kale kekundu, kana tundu la optiko, na kama redio yako inapokea optiko basi mvumo wa njia hiyo umekwisha maana mwanga haubebi umeme, inaniuma kidogo kusema hivyo kwa kadi ya biti 16 ila ndo ukweli. Kile kiwaya cha Apple cha USB-C kwenda tundu la earphone, kwa bei yake sauti yake inashangaza, haya tuendelee.

Bei. Serikali ilishakataza mwaka 2025 bidhaa za humu ndani kutozwa kwa dola, sawa, shilingi zimeandikwa, lakini ukiuliza Kariakoo bado jamaa anashika simu kwanza anaangalia dola imeamkaje. Ikipanda leo na kadi iliyoingia mwaka jana inapanda leo hii hii, ikishuka "mzigo huu tulichukua bei ya juu dada yangu". Na ukiomba ujaribu kabla hujalipa anakuwashia laptopu yake iko kwenye betri, anakuvalisha hedifoni, "umesikia hata chembe ya kelele?" Nitasikia wapi, hedifoni ina ethi? Mwambie achomeke chaja, achukue amplifaya ile ya rafu ya juu, aunganishe kwa RCA, aongeze volyumu bila wimbo. Hapo ndo utasikia "kadi ikishafunguliwa hairudishwi".