Kengele ya chumba cha baridi ipite njia gani kumfikia fundi? Chaguo kwa mpangilio

Chumba cha kuhifadhia minofu ya sangara iliyogandishwa hutakiwa kubaki nyuzi 18 chini ya sifuri. Kompresa ikizima saa nane usiku, king'ora cha ukutani humwamsha mlinzi, ambaye kwa kawaida hana ufunguo wa chumba cha mitambo. Taarifa inatakiwa imfikie fundi wa zamu huko alikolala. Kabla ya kununua chochote, uliza kwanza: umeme ukikatika, njia hii inabaki hai? Mara nyingi kompresa husimama kwa sababu ya umeme wenyewe, na njia inayokufa pamoja nao haifai kutangulia.

1. Kifaa cha laini ya simu kinachopiga sauti

Meseji peke yake haitoshi. Hulia mara moja chini ya mto, na mtandao ukilemewa huweza kufika asubuhi. Simu huita mpaka mtu aamke. Chukua kifaa kinachomtaka aliyepokea abonyeze tarakimu kuthibitisha; asipobonyeza ndani ya dakika mbili, kinampigia wa pili, kisha wa tatu. Bila hilo, simu ikipokelewa na mtoto kifaa huhesabu kazi imekwisha.

Hapa ndipo wengi huuziwa kitu kisichofaa. Vifaa vya 2G pekee bado vinafanya kazi Tanzania na Kenya, lakini kwa matumizi ya miaka mingi tafuta chenye 4G kinachoweza kurudi 2G. Vipo vya 4G vinavyotuma data na meseji bila kupiga sauti kabisa. Dai kipige simu palepale dukani.

Antena isikae ndani ya boksi la chuma; itoe nje kwa kebo fupi. Kifaa kikionyesha nguvu ya mtandao kwa kipimo cha 0 hadi 31, taka 15 au zaidi. Chini ya 10 simu huweza kukatika. Moduli ya 2G (sehemu ya kifaa inayowasiliana na mnara) huvuta hadi ampea 2 kwa kishindo inaporusha mawimbi, hivyo adapta dhaifu hukizima na kukiwasha upya wakati uleule wa kutoa taarifa.

Betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7), kwa kifaa kinachokula miliampea 100, kwa hesabu ni saa 70. Betri huchakaa, kwa hiyo tegemea nusu.

Kinachoua kengele hizi kuliko kitu kingine ni bando. Bando la wiki huisha muda wake kimyakimya na kifaa kinabaki bubu. Weka salio la kawaida lisilo na ukomo wa wiki, na kipange kitume meseji ya uzima, ya kuonyesha kwamba bado kinafanya kazi, kila siku saa moja asubuhi. Isipofika, fundi aende kukagua. Meseji hiyo pia huzuia laini isifungwe kwa kutotumika. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni, la sivyo itaondoka na mfanyakazi aliyeisajili.

Jambo dogo la uandishi: meseji hubeba herufi 160, lakini ukiweka alama ya nyuzi (°) au neno kama king’ora lenye kikomeo kilichopinda (’), hushuka hadi 70 na kugawanyika. Andika "nyuzi", na tumia kikomeo kilichonyooka (').

Kifaa cha laini mbili ni bora, ila makampuni mengi ya simu hukodi mnara mmoja kwa pamoja. Ukiweza, chagua mitandao ambayo minara yake ni tofauti hapo ulipo.

2. Intaneti ya faiba, kama msaidizi

Inafaa kwa grafu za joto na barua pepe. Ruta na boksi la faiba vikila ampea 1.5 kwa pamoja, betri ileile ya Ah 7 haifiki saa tano. Isitoshe, programu nyingi hupitia seva za ng'ambo: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki.

3. Redio ya VHF

Ni ya pampu au tangi lililo mbali na minara, ambapo kuna mtu kituoni usiku. Masafa yanahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano: TCRA Tanzania, CA Kenya.

4. Setilaiti

Kifaa kidogo cha ujumbe mfupi wa Iridium, mtandao wa setilaiti, hutuma baiti 340 kwa mara moja na hakihitaji mnara, ila antena lazima ione anga wazi. Dishi la intaneti hula makumi ya wati, kwa hiyo linataka benki ya betri yake.

Njia yoyote utakayochagua, swichi ya kengele iwe ya aina ya NC (mzunguko wake hufungwa hali ikiwa ya kawaida), ili waya ukikatwa na panya kengele ilie. Weka kuchelewa kwa dakika zinazozidi muda ambao mtambo hujiyeyusha barafu na joto hupanda kidogo, mara nyingi 20 hadi 30, vinginevyo fundi ataamshwa bure kila usiku na ataishia kuzima simu.

Siku ya kukabidhiwa, zima swichi kuu ya jengo na chomoa kebo ya ruta. Usitie saini mpaka simu ya fundi iite, na asipoipokea, ya wa pili iite pia.