Dola 645 zimekwenda wapi? Uzoefu wangu na huduma ya bei za zamani za hisa

Nina daftari ambalo tangu nianze kujifunza uwekezaji nimekuwa nikiandika humo bei za hisa kwa mkono. Kwenye ukurasa wa Ijumaa, 6 Juni 2014, nimeandika kwamba hisa moja ya Apple ilifunga kwa dola 645.57. Miaka ikapita, nikajiunga na huduma ya kulipia inayotoa historia ya bei za hisa mtandaoni, na jambo la kwanza nililofanya ni kuitafuta tarehe hiyo. Jedwali likanionyesha dola 23.06. Safu ya pembeni yake ilikuwa na namba ndogo zaidi. Niliamini kabisa kwamba nimelipia takwimu mbovu, nikaanza kuandika barua ya kudai pesa zangu.

Barua hiyo sikuituma. Kabla sijaimaliza niliona alama ndogo ya nyota chini kabisa ya ukurasa, na maelezo yake yalikuwa ndiyo ufunguo wa kila kitu. Jumatatu iliyofuata ile Ijumaa, yaani 9 Juni 2014, kila hisa moja ya Apple ilianza kuuzwa ikiwa imegawanywa kuwa saba. Tarehe 31 Agosti 2020 kila moja ya hizo ikagawanywa tena kuwa nne. Saba mara nne ni 28, na ukigawa 645.57 kwa 28 unapata 23.06. Daftari langu lilikuwa sahihi, na jedwali pia. Daftari linahesabu kwa hisa za siku ile, jedwali linahesabu kwa hisa za leo. Aliyekuwa na hisa moja siku ile na hakuigusa, leo anazo 28.

Maelezo muhimu namna hiyo hayakustahili kufichwa chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Yangepaswa kuwa juu ya jedwali, kabla ya namba ya kwanza. Huo ndio upungufu mkubwa wa kwanza wa huduma hii, na nimeshawaandikia kuhusu jambo hilo.

Muundo wa jedwali lenyewe ni mzuri. Kila siku ya soko ina mstari wake: bei ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufunga, ya kufunga iliyorekebishwa, na idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Idadi hiyo nayo hurekebishwa hisa zinapogawanywa, vinginevyo ungedhani watu waliongeza ununuzi mara saba kwa usiku mmoja. Kupakua faili ni haraka na linafunguka vizuri kwenye Excel. Hapo sina malalamiko.

Safu iliyonifundisha zaidi ni ile ya bei ya kufunga iliyorekebishwa, na ndiyo iliyonigharimu muda mwingi kuielewa. Bei ya kufunga ya kawaida kwenye huduma hii huzingatia mgawanyo wa hisa peke yake. Ile iliyorekebishwa huzingatia magawio pia, yaani fedha ambazo kampuni huwagawia wenye hisa zake. Kampuni ikitoa gawio, kuna siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila haki ya gawio hilo, na kwa kawaida asubuhi hiyo bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe. Mwenye hisa hajapoteza kitu, maana fedha inaingia mfukoni kwake kwa njia nyingine. Mfano ninaoupenda ni Microsoft, Novemba 2004. Kampuni ilitoa gawio maalumu la dola 3 kwa kila hisa wakati hisa ilikuwa karibu dola 30. Ukitazama bei ambayo haijarekebishwa unaona shimo: kutoka karibu 30 hadi karibu 27 kwa siku moja. Anayeangalia mchoro tu atauliza kampuni ilipatwa na msiba gani, kumbe ilikuwa imewapa wenye hisa fedha zao.

Hesabu ya kuziba shimo hilo ni nyepesi. Hisa ikifunga kwa 100, na kesho yake ikaanza kuuzwa bila gawio la 2, bei zote za nyuma zinazidishwa kwa 0.98. Zote, hadi siku ya kwanza kabisa ya historia. Gawio lijalo likifika, zinazidishwa tena kwa kiwango kipya. Ina maana kwamba bei iliyorekebishwa ya mwaka 2010 uliyoisoma mwaka jana siyo utakayoisoma mwaka huu. Historia inaandikwa upya kila gawio linapotoka.

Jambo hilo sikulijua, na matokeo yake niliharibu kazi yangu ya zaidi ya mwaka mmoja. Nilikuwa nimepakua mafaili ya kampuni kadhaa nikayahifadhi, kisha kila mwezi nikawa naongeza mistari mipya chini ya ile ya zamani. Niliona ni kuokoa muda. Kosa la kwanza lilijitokeza lenyewe: Nvidia ilifunga kwa dola 1,208.88 siku ya Ijumaa, 7 Juni 2024, na Jumatatu yake hisa zikaanza kuuzwa zikiwa zimegawanywa kumi kwa moja. Faili langu likasema kampuni imeporomoka kwa takriban asilimia 90 mwishoni mwa juma. Hilo kila mtu angeliona. La magawio halikuonekana hata kidogo. Mistari ya zamani ilibaki na marekebisho ya siku niliyoipakua, mipya ikaja na ya kwake, na faida niliyokuwa nikiikokotoa ikawa ndogo kuliko ilivyokuwa kweli, kidogo kidogo, robo mwaka hadi robo mwaka. Nililigundua siku nilipopakua faili zima upya na kuliweka kando ya lile la zamani: kila mstari wa nyuma ulitofautiana.

Tangu siku hiyo sibandiki mistari. Nikihitaji takwimu napakua historia yote upya, na kwenye jina la faili naandika tarehe ya kupakua. Kama kuna jambo moja ningependa msomaji alichukue na kulifanya leo, ni hilo.

Nimejifunza pia kuuliza swali kabla ya kuchagua safu. Nikitaka kujua mwekezaji alipata faida kiasi gani kati ya tarehe mbili, au nikilinganisha kampuni inayotoa gawio na isiyotoa, natumia bei iliyorekebishwa. Nikitaka kujua mtu alilipa shilingi ngapi, dola ngapi au yeni ngapi siku fulani, hiyo hainifai. Narudi kwenye hati ya ununuzi, au naifungua migawanyo yote kwa kuzidisha. Huduma hii haina safu ya bei ghafi kabisa, ile iliyotangazwa sokoni siku hiyo, na kwa wanaolipia nadhani wangeweza kuiweka.

Hali hugeuka pia kampuni inapounganisha hisa badala ya kuzigawa. Mei 2011 Citigroup iliunganisha kila hisa kumi kuwa moja. Bei ikaruka kutoka dola nne na ushee hadi zaidi ya 40, bila mtu yeyote kutajirika. Sasa fungua historia yake ya mwanzoni mwa 2007: jedwali linaonyesha zaidi ya dola 500 kwa hisa. Hakuna aliyewahi kulipa bei hiyo. Wakati ule hisa ilikuwa ikiuzwa kwa dola 50 na kitu. Nimesoma watu wakibishana kwa namba hizo kana kwamba ni bei halisi za zamani, na huwa natamani wangeona ukurasa wa matukio ya kampuni kwanza. Huduma hii inao ukurasa huo, umepangwa vizuri kwa tarehe, na sasa ndio ninaoufungua kabla ya jedwali la bei.

Michoro yake naisifu bila kusita, kwa sababu ya kitufe kimoja: kile cha skeli ya logariti. Apple iliingia sokoni tarehe 12 Desemba 1980 kwa dola 22. Ukiigawa kwa migawanyo yote mitano iliyofuata, yaani kwa 224, unapata chini ya senti 10. Kwenye mchoro wa kawaida miaka yote ya mwanzo ni mstari uliolala sakafuni, kama vile hakuna kilichotokea. Bonyeza kile kitufe, mstari unaamka. Unaiona Oktoba 1987, mwezi ambao Dow Jones, kipimo cha soko la hisa la Marekani, kilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Unaiona 29 Septemba 2000, siku ambayo Apple yenyewe ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake baada ya kuonya kwamba mapato yangepungua. Kwa aliyekuwa na hisa asubuhi ile, hilo lilikuwa anguko zito kuliko mengi yanayoonekana makubwa kwenye mchoro wa kawaida leo. Skeli ya kawaida hupima dola. Ya logariti hupima asilimia, na maumivu ya mwekezaji hupimwa kwa asilimia. Nilikaa na mchoro ule jioni nzima.

Huduma kwa wateja ni ya kuridhisha, wanajibu ndani ya siku mbili. Programu ya simu ni nzito, mimi natumia kompyuta.

Kinachonizuia kuwapa nyota tano ni makampuni yaliyokufa. Niliitafuta Lehman Brothers, iliyofilisika Septemba 2008. Hakuna. Nikaitafuta Enron, iliyofilisika Desemba 2001 baada ya hisa yake kufika dola 90 mwaka uliotangulia. Hakuna. Orodha yao ina walio hai tu, na hakuna onyo popote. Nilikuwa nimejaribu kanuni rahisi ya kununua makampuni yaliyoanguka kwa zaidi ya nusu na kusubiri, na kwa takwimu zao kanuni hiyo ilionekana ya ajabu: karibu kila iliyoanguka iliinuka. Bila shaka ziliinuka, zile ambazo hazikuinuka zimeondolewa kwenye orodha. Ningeweka fedha halisi kwa kuamini jaribio lile.

Nimewaandikia mara mbili waziingize hata kwa historia ya bei za kufunga peke yake. Wamejibu kwamba wanalishughulikia. Nimelipia mwaka mwingine, nimewapa nyota nne, na tafsiri yangu ya ile alama ya nyota ya chini ya ukurasa nimeibandika juu ya skrini.