Nintendo Switch ya 2017: bado ndiyo ya kununua kama unaandika programu zako

Nilinunua Switch, mashine ya michezo ya Nintendo, iliyokwisha kutumika, ya toleo la kwanza kabisa, kwa sababu nilitaka mashine ya mkononi itakayoendesha programu ninazoandika mwenyewe. Skrini ya inchi 6.2 inanitosha. Hifadhi ya GB 32 ni finyu, na betri, kwa maelezo ya Nintendo wenyewe, hudumu kati ya saa 2.5 na 6.5, ilhali ya toleo la 2019 hufika saa 9. Hata hivyo, kwa kazi yangu silitaki hilo jipya.

Sababu ni kufuli. Switch inapowashwa, chipu yake ya Tegra X1 huanza na programu fupi iliyowekwa humo kiwandani. Hiyo hukagua sahihi ya kidijitali (alama ya kihesabu inayothibitisha programu imetoka kwa mwenyewe) ya programu inayofuata, nayo hukagua ya mbele yake. Wadukuzi hawakuvunja hesabu za sahihi hizo. Walipitia mlango wa mafundi, yaani hali ya ukarabati, ambamo chipu husikiliza maagizo kupitia waya wa USB. Kompyuta ikiuliza tu hali ya chipu, inaweza kutaja urefu wa jibu hadi baiti 65,535, na chipu ilinakili bila kupima kama nafasi inatosha! Data ikafurika, ikafuta anwani ya kurudia kazini, na msimbo wa mgeni ukaendeshwa kabla sahihi haijakaguliwa. Katherine Temkin na wenzake wa kundi la wadukuzi la ReSwitched waliliita pengo hilo Fusée Gelée. Kundi la fail0verflow nalo lililigundua kivyake. Yote yaliwekwa hadharani Aprili 2018.

Programu ile ya mwanzo haibadilishwi na sasisho lolote, kwa hiyo mashine zilizokwisha kuuzwa zilibaki wazi. Zilizotengenezwa baadaye zilizibwa, basi kagua namba ya utambulisho iliyo ukingo wa chini kabla ya kulipa.

Kero ipo: ukiizima kabisa, unarudia hatua zote za kuingia hali ile ya ukarabati: kuchomoa kidhibiti cha kulia, kuchomeka kiunganishi (kipande kidogo kinachounganisha pini) kwenye reli ya kidhibiti hicho, kushika kitufe cha kuongeza sauti huku ukiwasha. Pia Nintendo huzifungia huduma za mtandaoni mashine zilizofunguliwa, hivyo yangu siiunganishi na intaneti. Michezo ya wizi siigusi; walioitengeneza wanastahili malipo yao. Lakini kifaa nilicholipia kiendeshe ninachokiandika, na hiki kinaendesha vizuri sana.

Ukiipata, nakili kwanza hifadhi yote ya ndani na uiweke nakala hiyo nje ya mashine. Baadhi ya data humo ni ya mashine hiyo pekee, huwezi kuiazima kwa mwenzako.