Ubadilishe bodi au ubaki nayo? Mwongozo kwa mpiga picha za harusi mwenye Canon ya zamani

Kila msimu wa harusi ukikaribia, vijana ninaofanya nao kazi hapa Dar hunipigia simu na swali moja: "Kaka, mimi bado nina 5D Mark III, wenzangu wote wamehamia kamera zisizo na kioo. Nibadilishe?" Mwingine ana 6D, mwingine 6D Mark II. Zote hizo ni kamera za Canon zenye kioo ndani, na bodi ninayosema hapa ni kamera yenyewe bila lenzi. Nimelijibu mara nyingi nikiwa barabarani, na jibu la haraka kwenye jambo hili linaweza kumtia mtu hasara ya mamilioni. Kwa hiyo nalijibu hapa kwa kirefu, na kamera nitazipanga kwa nafasi, kuanzia uamuzi unaowafaa wengi mpaka ule ambao ningemshika mtu mkono asiufanye.

Nazungumzia Canon tu kwa sababu ndiyo niliyofanyia kazi miaka yote, na ndiyo ninayokutana nayo sana kwenye kumbi zetu.

Kwanza, fungua picha ulizozitupa

Kabla hujaulizia bei Kariakoo, tenga jioni moja. Chukua kazi zako tatu za mwisho. Achana na albamu uliyomkabidhi mteja, fungua zile picha ulizoziondoa, kisha zigawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la fokasi: sikio la bi harusi liko shapu, jicho limefifia. La pili ni la mwanga: picha imeungua, ina giza, ina chenga, au ngozi imegeuka kijani kwa taa za ukumbi. La tatu ni la mtikisiko na wakati: watu wanacheza nawe umepiga kwa shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) ya 1/60 ya sekunde, au MC amekatiza mbele ya lenzi.

Nilifanya hivyo kabla ya kuachana na 5D Mark III yangu, nikiwa na uhakika kabisa kwamba shida yangu ni fokasi. Fungu la mwanga likawa kubwa kuliko yote, likifuatwa na la mtikisiko. Kuna picha moja siisahau. Bi harusi anamlisha mama yake keki, na mama ana chozi limesimama kwenye kope. Nilipiga bila flashi, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 6400, shata 1/50. Nilipoikuza kwenye laptopu nikakuta fokasi imekaa palepale kwenye kope, ila mkono wa bi harusi umevutika kama moshi na uma haujulikani ulipo. Bodi mpya nyingi zina kituliza mtikisiko, lakini kituliza hicho hutuliza mkono wa mpigaji, hakimzuii bi harusi kusogeza wake. Flashi moja iliyoelekezwa darini ingeiokoa picha ile.

Nafasi ya kwanza: baki na bodi yako, nunua mwanga na lenzi

Huu ndio ushauri wangu kwa wengi, na ndio usiopendwa. Kama fungu lako kubwa ni la mwanga, hela yako iende kwenye flashi ya pili yenye rimoti ya kuiwasha kwa mbali, kisha kwenye lenzi inayofunguka zaidi. Wengi wetu tunapiga harusi na 24-105mm inayoishia f/4, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo lenzi inafunguka zaidi. Ukihamia lenzi ya f/1.8 unaingiza mwanga karibu mara tano. EF 50mm f/1.8 STM ilitoka 2015 ikiuzwa dola 125. EF 85mm f/1.8 ni lenzi ya 1992 na mpaka leo inatoa sura nzuri za bi harusi. Lenzi hizi hazitapotea siku utakapohamia kamera isiyo na kioo, maana kwa adapta ya Canon, kipande kinachofunga lenzi za kamera ya kioo (EF) kwenye bodi isiyo na kioo (RF), zinashika fokasi yenyewe kama kawaida.

Habari ya megapikseli isikunyime usingizi. Picha ya albamu ya sentimita 30 kwa 40, ikichapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, inahitaji megapikseli kama 17. 5D Mark III ya mwaka 2012 ina 22.3. Hata R6, iliyokuja miaka minane baadaye, ina 20.1 tu.

Kuna hali moja inayoliondoa jibu hili: shata iliyochoka. Ya 5D Mark III ilikadiriwa mapigo 150,000, ya 6D 100,000. Kupita hapo haina maana itakufa kesho, ila kazi ya harusi hairudiwi. Kama hesabu imeshavuka, weka akiba ya bodi sasa.

Nafasi ya pili: EOS R6 ya mkono wa pili

Kama fungu lako kubwa kweli ni la fokasi, basi hapa ndipo fedha inapofanya kazi, na ni vizuri kuelewa kwa nini. Ndani ya kamera ya kioo, fokasi inapimwa na sensa ndogo ya pembeni iliyo chini ya kioo, na nukta zake zimejazana katikati ya picha. 6D ina nukta 11, na ni ile ya kati tu yenye kusoma kwa kukingama, yaani ndiyo inayotegemeka gizani. Unaishika fokasi kwa nukta ya kati, unahamisha kamera ili bi harusi akae pembeni, na kwa f/1.8 mwendo huo mdogo unatosha kuhamisha ushapu kutoka jichoni kwenda kwenye hereni. Kamera isiyo na kioo inapimia fokasi kwenye sensa ileile inayopiga picha, karibu eneo lote. Inaliona jicho na kulifuata. Maharusi wanapoingia ukumbini taa zimezimwa, fataki zinawaka pembeni na ndugu wamenyoosha simu, wewe unabaki na kazi ya kupanga picha tu.

R6 ilitoka 2020. Ina matundu mawili ya kadi za SD, kituliza mtikisiko ndani ya bodi, na betri za LP-E6 za 5D yako zinaingia. Jambo hilo la betri linaonekana dogo mpaka uwe nazo nne ambazo hulazimiki kuzinunua upya.

Angalia mambo mawili. Ukirekodi 4K muda mrefu inapata joto na inaweza kusimama, na kumbi zetu za Machi mnazijua. Pili, shata yake ya kimya ni nzuri kanisani wakati wa viapo, lakini chini ya taa za LED inaweza kuleta mistari myeusi kwenye picha. Ukiiona mistari hiyo rudi kwenye shata ya kawaida mara moja. Kuitoa kwenye kuhariri ni mateso.

Nafasi ya tatu: R6 Mark II

Kwa anayepiga picha na video kwenye kazi moja, nafasi hii inapanda juu ya R6. Kwa anayepiga picha tupu, tofauti haitoshi kuongeza hela. Ilitangazwa Novemba 2022 kwa dola 2,499 bodi pekee, bei ileile iliyotangaziwa R6 miaka miwili kabla. Ina megapikseli 24.2, inarekodi 4K ya fremu 60 kwa upana wote wa sensa bila kukata pembeni, na haina ule ukomo wa dakika 29 za kurekodi ambao kamera nyingi za zamani zilikuwa nao. Mwenye kurekodi hotuba ya baba wa bi harusi ataelewa thamani ya hilo.

Nafasi ya nne: R8, na kisa cha kadi

Kwenye karatasi R8 inavutia sana. Ilitangazwa Februari 2023 kwa dola 1,499, ina sensa ya R6 Mark II na fokasi ya kizazi hichohicho, na bodi yake ina uzito wa gramu 461 pamoja na betri na kadi. Kwa picha za familia, safari, maudhui ya mtandaoni au biashara ndogo ya studio, ningekwambia nenda kachukue.

Kwa harusi naishusha kwa sababu tatu: haina kituliza ndani ya bodi, inatumia betri ndogo ya LP-E17 kwa hiyo betri zako za zamani hazifai, na ina tundu moja la kadi. Hilo la mwisho ndilo zito kwangu. Miaka ya nyuma nilipiga ndoa kwa kamera ya tundu moja. Tukiwa njiani kutoka kanisani kwenda ufukweni kupiga picha za maharusi, kadi ikagoma kusomeka. Programu ya kuokoa mafaili ilirudisha sehemu, lakini kuvishana pete hakumo. Nilikwenda mwenyewe kwa wazazi wa bi harusi kuwaeleza. Mama alinyamaza, akaniuliza tu kama hata moja haipo. Tangu siku hiyo sipokei kazi ya ndoa bila kamera inayoandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja.

Ukiwa nayo tayari R8, tembea na kamera ya pili na ugawe matukio kati yake. Usiitegemee peke yake.

Nafasi ya tano: 5D Mark IV au 6D Mark II

Hapa nitapita haraka. 5D Mark IV ya 2016 ni kamera imara, megapikseli 30.4, matundu mawili. Ukiipata kwa bei nzuri kutoka kwa mtu unayemjua, si kosa. 6D Mark II ya 2017 ina tundu moja na haina video ya 4K, kwa hiyo kwa mwenye 5D Mark III sioni anapopiga hatua. Tena ujue tangu 2020 Canon haijatoa kamera mpya ya kioo. Unanunua kwenye njia iliyofika mwisho, na siku ya kuuza utaliona hilo kwenye bei.

Zile ambazo ningekuzuia

EOS RP ya 2019 huonekana rahisi, na muuzaji atakwambia ni fremu kamili, yaani yenye sensa kubwa, isiyo na kioo kama nyingine. Ina tundu moja, betri ndogo, na mwendo wake wa kupiga mfululizo uko chini ya ule wa 5D Mark III yako. Utakuwa umelipa ili urudi nyuma.

R6 Mark III, iliyotangazwa Novemba 2025, naizuia kwa sababu tofauti kabisa. Ni kamera nzuri mno, megapikseli 32.5, lakini tundu lake moja ni la kadi za CFexpress, ambazo bei yake iko mbali na SD, na mafaili yake yatailemea laptopu yako. Inunue kama kazi zako zimeshailipia. Usikope kwa ajili yake.

Gharama ambazo muuzaji hataji

Adapta ya kawaida ya EF kwenda RF ilitoka ikiuzwa dola 99, na ikikosekana lenzi zako zote zinabaki kabatini. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kisha kuna mafaili. 5D Mark III hutoa RAW, yaani picha ghafi, za aina ya CR2. Kamera zote za R hutoa CR3. Programu ya kuhariri ya Lightroom 6, ile ya kununua mara moja, iliacha kupata maboresho mwaka 2017, kwa hiyo haizifungui. Njia ya bure ni programu ya Adobe ya kuzigeuza kuwa DNG, aina ya faili ambayo Lightroom hiyo inaifungua, lakini kuzigeuza picha 2,000 baada ya kila harusi kunakula usiku wako. Kwa video, 4K ya fremu 60 kwenye R6 inajaza takribani GB 1.7 kwa dakika, yaani kadi ya GB 64 inaisha kabla ya dakika 40. Kama mashine yako inakwama hata kwa video ya kawaida, mashine ndiyo itangulie.

Ukinunua ya mkono wa pili

Nenda mchana, na kadi zako mwenyewe, mbili. Piga picha kila tundu likiwa na kadi. Funga lenzi mpaka f/16, piga ukuta mweupe, kuza picha: vidoti vyeusi ni vumbi na vinasafishika, ila mkwaruzo kwenye sensa hausafishiki. Kama inauzwa na lenzi, tochi ya simu iangaze upande mmoja, wewe ukitazama upande mwingine. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni fangasi, na huku pwani fangasi hawana huruma, Tanga, Dar, Unguja na Mombasa sawasawa. Linganisha namba ya bodi na ile ya risiti au boksi. Hakuna risiti wala boksi, na muuzaji hana maelezo yanayoeleweka? Ondoka.

Lakini kabla ya kufika huko, kodi bodi unayoitaka kwa Jumamosi moja, pamoja na adapta, uipige kazi halisi kwa lenzi zako huku kamera yako ya zamani ikiwa begani. Usiku ukirudi, zipange picha mbovu kwenye yale mafungu matatu. Kama fungu la fokasi limepungua wazi, Jumatatu nenda kalipe. Kama la mwanga bado ndilo kubwa, rudisha bodi ya watu na hela hiyo ikanunue flashi ya pili.