Kabati la viatu la kuchongesha Lamu: linaloshika hewa na linaloshika kutu

Kabati tunalolipima hapa limetoka karakana ndogo ya useremala mtaa wa Langoni mjini Lamu, likapandishwa ghorofani katika chumba cha nguo cha nyumba ya mawe huko Mkomani. Limepita masika na kusi yote likiwa na viatu ndani. Hukumu yetu: kazi ya mbao ni ya kusifiwa, vyuma vyake havifai kisiwani, na vipimo inabidi mteja aende navyo mwenyewe.

Kwanza chumba. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Kabati lenye kina cha sentimita 60, kama yale ya nguo, humeza njia. Hili lina kina cha sentimita 33 kwenye rafu, na milango yake ni tarabe nyembamba, mbili kwa kila safu, kila ubawa kama sentimita 33. Ukifungua, bado mtu anapita nyuma yako. Kiatu cha mwanaume namba 43 hufika karibu sentimita 30 kwa nje, kwa hiyo 33 zinatosha bila kisigino kugusa mlango. Anayevaa 46 na kuendelea aongeze sentimita 2.

Upana wote ni sentimita 206: safu tatu za sentimita 66 na mbao nne za wima zenye unene wa sentimita 2. Kila safu ina kimo cha sentimita 180 juu ya miguu ya sentimita 12. Ya kwanza ni ya viatu vya kiume, ngazi 10, nafasi ya sentimita 16 juu ya kila rafu. Ya pili ni ya kike: ngazi 6 za sentimita 14 kwa viatu bapa na ngazi 4 za sentimita 19 kwa visigino. Ya tatu ina droo chini ya brashi na dawa ya viatu, nafasi ya sentimita 46 kwa mabuti, na ngazi 7 za ndara na makubadhi. Kwa jozi tatu kila ngazi, pamoja na nafasi ya mabuti, kabati linabeba jozi 84.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Jozi ya kiume huchukua upana wa sentimita 22, tatu zinajaa 66 sawasawa. Jozi ya kike huchukua kama 19, tatu ni 57. Kila ngazi ya safu ya pili ina sentimita 9 zilizolala bure, na jozi ya nne haiingii kwa sababu inataka 76. Fundi alizigawa safu sawa kwa kuwa macho hupenda usawa. Safu hiyo ingekuwa 58 tu, au ingefika 77 ikabeba jozi 40 badala ya 30. Kabla ya kwenda karakana, toa viatu vyote, vipange kwa aina, pima upana wa jozi na kimo cha kilicho kirefu zaidi katika kila aina, kisha ongeza moja ya tano kwa vitakavyonunuliwa. Fundi akipewa karatasi ya namba hizo hatabahatisha.

Sasa rafu zenyewe, ambazo ndizo fahari ya kazi hii. Si ubao mzima; kila rafu ni vipande 6 vya mvule vyenye upana wa sentimita 5, na kati yake mwanya wa milimita 6. Hewa inapanda kutoka miguuni hadi juu kabisa. Mwanya wa milimita 6 umefikiriwa: kisigino chembamba cha milimita 8 hakizami, lakini ungekuwa sentimita moja kingenasa na ngozi ya kisigino kuchubuka. Kuna faida nyingine pia. Ubao mpana wa sentimita 33 hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa kaskazi ikikauka, na ukibanwa kote kwa gundi hupasuka. Vipande vyembamba kila kimoja hucheza peke yake. Anayetaka kuhesabu mbao: rafu 28 mara 6 ni vipande 168 vya sentimita 66. Ubao wa mita 4 hutoa vipande 6 ukikatwa vizuri, maana yake mbao 28, lakini ncha nyingi huja zimepasuka, kwa hiyo agiza 32.

Mvule hauliwi ovyo na mchwa. Karakana nyingine zitakupa mwembe kwa sababu ni rahisi. Kwa mashua sawa, lakini kwa kabati lililokaa gizani dumuzi, mdudu atoboaye mbao, huingia, na dalili ya kwanza ni unga laini juu ya viatu vyeusi. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, usikubali hata ikiwa imepakwa rangi nzuri. Ikinywa unyevu pembeni huvimba kama mkate, na skrubu hazishiki tena.

Milango ni ya luva, vibao vya mshazari. Nyuma kabati liko wazi, na limesimamishwa sentimita 5 mbali na ukuta. Msiliegemeze. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya maji toka chini na kuyatoa polepole, na kiatu cha ngozi kilichogusana na ukuta huo huota koga nyeupe kabla msimu wa mvua haujaisha. Karakana ilisahau kitu kimoja: wavu wa matundu madogo nyuma ya luva na mgongoni. Bila wavu mende huingia, nao hupenda gundi ya soli.

Wenye raba za bei wasikilize hapa kwa makini. Soli za kati za baadhi ya raba ni za poliyurethani, aina ya plastiki ya povu, na aina nyingi za poliyurethani huvunjwa na unyevu hata kama kiatu hakivaliwi. Kinachowekwa miaka kwenye boksi lake kinatoka kikiwa kizima machoni, halafu soli inamomonyoka hatua ya kumi. Boksi la plastiki lililofungwa haliokoi ikiwa unyevu umefungiwa ndani. Toa kwenye boksi, weka kwenye rafu, vaa mara kwa mara.

Vyuma ndivyo vilivyoangusha kazi. Reli za droo ni za chuma kilichopakwa zinki, na chumvi ya bahari imezipata: madoa mekundu yameanza kwenye vichwa vya skrubu, na droo inakwama katikati. Taka chuma cha pua, au ondoa reli kabisa na utelezeshe droo juu ya vibao vya mbao vilivyopakwa nta. Bawaba na skrubu ziwe za shaba. Shaba ni laini, kichwa hukatika ukilazimisha, kwa hiyo fundi atoboe kwanza, apitishe skrubu ya chuma ya ukubwa uleule, aitoe, ndipo aingize ya shaba.

Kulifunga ukutani kulitaka uangalifu. Keekee ikipiga kwa nyundo, matumbawe humeguka na tundu linakuwa pango. Izungushwe tu bila kupiga, na plagi iwe ndefu, milimita 80 au zaidi.

Vanishi nayo ilikuwa mbichi. Soli za mpira ziliacha alama na mbili zikagandia, kwani mafuta yaliyomo ndani ya mpira hulainisha vanishi ambayo haijakomaa. Lipewe wiki mbili luva zikiwa wazi kabla ya kiatu cha kwanza.

Bei karakana huitaja jumla. Omba igawanywe: mbao, vyuma, ufundi na uchukuzi. Mbao zinazotoka bara zinafika Mokowe, gati la upande wa bara, zinavushwa kwa boti, kisha punda au mkokoteni mpaka mlangoni, na kila hatua ina malipo yake. Hakikisha pia kabati linaunganishwa kwa bolti, kwa maana ngazi za nyumba hizi ni finyu na kabati zima halipiti. Hili lilipanda vipande vipande na kufungwa juu kwa bolti za milimita 6. Kazi safi, kona zote mraba.

Ndara za kila siku msizihesabu humo. Hizo huvuliwa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, zinataka kijirafu cha wazi cha ngazi mbili hapo hapo. Na zidaka za ukutani ziacheni kwa vyombo vya kauri; hazina kina cha kiatu, na plasta yake ya kale haistahimili kukwaruzwa.