Rap ya Kuba au ya Puerto Rico, uanze na ipi?

Kwa mistari mi naenda Kuba moja kwa moja. Vijana wa Alamar, mashariki ya Havana, walikuwa wanapandisha antena juu ya maghorofa wadake redio za Miami, vifaa hawana ila maneno mazito, na tamasha lao la rap likaanza 1995. Mwaka huohuo Puerto Rico polisi wakavamia maduka wakabeba kanda za andagraundi, yaani rap ya mtaani ya huko, lakini ile biti yake ya dembow yenye asili ya Jamaika haikuzimika, kwa kucheza haina mpinzani aisee! Kuzipata pia Puerto Rico rahisi, za Kuba utatafuta sana. Kama we ni wa hedifoni usiku chukua Kuba, una sherehe weka Puerto Rico, unataka vyote, mistari na kucheza, anza na Tego Calderón, rapa wa Puerto Rico.