Uzoefu wangu wa kuuza Mustang Mach 1 ya mwaka 1969 kwa mnada wa mtandaoni

Nimeuza Ford Mustang Mach 1 ya mwaka 1969, toleo la kasi la Mustang, nikiwa hapa Texas, na napenda kuwaeleza wenye magari ya aina hii kilichomvuta mnunuzi, kwa sababu haikuwa rangi, ingawa rangi ndiyo iliyokula fedha nyingi za ukarabati. Gari lilikuwa na injini ya Cobra Jet ya inchi za ujazo 428, takriban lita 7, ambayo Ford waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 335, kiwango ambacho wapenzi wengi wa magari haya wanaamini kilishushwa makusudi.

Kwa kuwa Mustang ya kawaida yaweza kuvalishwa nembo za Mach 1 ikapita machoni pa watu, mnunuzi makini huanza na namba ya gari, ambayo herufi yake ya tano hutaja injini. R ni Cobra Jet yenye Ram Air, yaani mfumo wa kuingiza hewa ya nje kwenye injini kupitia boneti. Niliagiza pia ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford, nayo ikathibitisha rangi na ekseli ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Kwa maoni yangu, hakuna matumizi yaliyonifaa kuliko hayo.

Huduma ya mnada yenyewe ni nzuri, hasa kanuni ya kuongeza muda dau jipya linapotolewa dakika za mwisho. Napunguza alama kwa jambo moja: waliandika kwamba giaboksi ni ya awali, ilhali niliwaeleza bayana kwamba imetoka kwenye gari jingine, na marekebisho yalichelewa.

Maswali mengi yalihusu kutu. Mustang za miaka hiyo huoza kwa ndani chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa, kisha maji huvujia miguuni. Niliondoa zulia, nikamimina ndoo ya maji kwenye matundu hayo huku kamera ikirekodi sakafu iliyobaki kavu, na baada ya video hiyo madau yalianza kupanda kwa kasi.

Hati ya umiliki niliitia sahihi fedha zilipokwisha kuingia benki. Walioko Texas wang'oe vibao vyao vya namba na wapeleke taarifa ya mauzo kwa Idara ya Magari ndani ya siku 30, ili makosa ya mmiliki mpya yasiandikwe kwa jina lao.